Swali Nililopanda Nalo Mlimani

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimeanza kukatika Mbeya, nilipopanda mlima na watu wawili niliowapenda, huku moyo wangu ukiwa haumwamini mmoja wao. Nakusimulia leo, mwanangu, kwa sababu jana nimekuona ukifunga begi lako la safari, na nilipokuuliza unakwenda na nani ukanijibu, "Ni washikaji tu, shangazi, tumejuana kwenye grupu." Jibu hilo limeninyima usingizi. Hebu kaa kidogo. Chai ipo.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimetoka nyumbani Kihesa, Iringa, kwenda Mbeya kujifunza ushonaji. Nilipanga chumba pamoja na Atupele, binti wa Kinyakyusa aliyeuza vitambaa sokoni, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwa majirani. Chumba cha pili alikaa Ambwene, fundi seremala, kijana mpole asiye na maneno mengi. Alitutengenezea kabati, mlango wetu ulipolegea akaubadilishia bawaba, na hakuwahi kutukosea heshima. Ila hakuwa mtu wa matembezi. Kazi, chumbani, kanisani, basi.

Sasa mtu wa namna hiyo anakuja mlangoni jioni moja na kusema, "Dada zangu, Jumamosi twendeni mlimani. Kuna njia inapita juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima. Nimeshaipita mara nyingi."

Atupele alikubali kabla hajamaliza kusema. Mimi nikauliza, "Na nani mwingine anakwenda?"

"Sisi tu." Halafu akashusha sauti. "Na tusiwaambie watu wa hapa nyumbani."

Hapo ndipo nilipopaswa kumuuliza kwa nini. Swali la maneno mawili tu. Sikuuliza. Niliona aibu, nikahofia wataniona mshamba wa Iringa anayeogopa kila kitu. Nikajiambia, nitakwenda, lakini nitamchunguza. Na kuchunguza mtu kimyakimya kuna utamu wake mbaya, mwanangu. Ukishaanza, kila anachofanya kinageuka ushahidi.

Asubuhi alitoka na begi dogo mgongoni. Atupele alipotaka kuweka chupa ya maji ndani yake, alilivuta kwa nguvu, akasema limejaa. Nikaweka akilini. Tulipoingia msituni tulikutana na mama mmoja anashuka na mzigo wa kuni, akatuuliza tunakwenda wapi. Ambwene akamjibu, "Hapa karibu tu, mama," na karibu na hapo hapakuwa na kitu ila miti na ukungu. Yule mama alituangalia sisi wasichana kwa muda, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hilo nalo nikaweka akilini. Juu ya msitu njia iligawanyika, na huyo aliyeipita mara nyingi akasimama, akaangalia huku, akaangalia kule, akakuna kichwa.

Nikajua amedanganya. Nilitaka kumnong'oneza Atupele, lakini alikuwa mbele anaimba kwa sauti, nikaona nitamharibia siku. Nikanyamaza tena. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kukusanya habari zote mbaya nilizowahi kusikia, za wasichana waliopelekwa porini na watu waliowaita kaka.

Tukafika kwenye mgongo wenyewe. Sijui nikuelezeje. Fikiria ukuta mrefu wa udongo na mawe, juu yake upana wa benchi la kanisani, na pembeni kote mteremko unaozama kwenye ukungu. Mawe yake hayakuwa mawe ya kuaminika. Ulikuwa ukishika, yanamomonyoka mkononi kama mkate mkavu. Tulisikia changarawe zikiteremka chini ya miguu yetu, zinateremka, zinateremka, halafu kimya. Hatukusikia zikifika.

Ambwene alitangulia, Atupele akafuata, mimi nyuma. Kicheko cha Atupele kiliisha. Tulipofika mahali palipobanana zaidi, Ambwene alisimama, akachuchumaa, akaanza kuangalia chini upande wa kushoto. Hakuwa anatazama mandhari. Alikuwa anatafuta kitu. Alitazama kwa muda mrefu, mkono mmoja umeshika lile begi. Halafu akasimama, akageuka, uso umebadilika kabisa, akanyoosha mkono.

"Atu, nipe mkono. Hapa pabaya."

Mimi nikapiga kelele, "Usimpe! Atu, usimpe!"

Atupele alikuwa ameshainua mkono. Aliposikia sauti yangu alishtuka, akaurudisha kwa ghafla, akageuza kichwa kunitazama, na mguu wake wa kulia ukakanyaga ukingo. Ukingo ukakatika. Nilimwona akishuka mbele ya macho yangu, polepole kama mtu anayekaa chini, hadi kikabaki kifua, na mikono yake miwili imeng'ang'ania fungu la majani.

Ambwene alijitupa chini kifudifudi, akamdaka kwenye mkono wa sweta. "Nishike miguu!" aliniambia. "Dada, nishike miguu!"

Na hata hapo, mwanangu, nisikufiche, nilisita. Kwa pumzi moja niliendelea kumshuku. Halafu nikaona mishipa ya shingo yake ilivyosimama, nikalala juu ya miguu yake kwa uzito wangu wote. Tukavuta. Udongo ulikuwa unatoka vipande vipande, lakini tukavuta, hadi Atupele akapanda, ukucha umeng'oka, sketi imechanika.

Tulikaa pale tumepanua miguu kama watu waliopanda punda, huku kila mmoja ameshika mwenzake. Ndipo nikauliza. Nilipiga kelele, kwa kweli.

"Ulikuwa unatafuta nini kule chini? Umetuleta huku kufanya nini?"

Ambwene akafungua begi. Ndani mlikuwa na msalaba wa mbao, ameuchonga mwenyewe, una jina la baba yake.

"Alianguka hapa," alisema. "Mimi nikiwa mdogo. Alikuwa anavuka kwenda upande wa pili kwa shangazi. Mama alituapisha wote tusikanyage huku mpaka tunakufa, ndiyo maana sikutaka watu wajue. Sijawahi kupita hapa hata siku moja. Nilitaka kuona tu palivyo. Nikaogopa kuja peke yangu."

Nilikuwa sahihi kwamba anaficha jambo, na nilikuwa nimekosea kabisa jambo lenyewe.

Atupele ndiye aliyezungumza, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Wewe Ambwene ulijua unatupeleka wapi. Wewe Twilumba ulijua humwamini, tangu nyumbani ulijua. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa sijui kitu. Na mimi ndiye nilikuwa ninakufa."

Msalaba tuliuacha pale pale, tumeupachika katikati ya mawe. Ambwene alisali kwa Kisafwa, lugha ya kwao, sikuelewa maneno. Tukarudi tukitambaa sehemu kubwa ya mgongo ule, kisha tukashuka hadi tukayaona mabati ya mjini. Mwezi haukuisha, Atupele akahama chumba. Siku hizi yuko Tukuyu, ana wajukuu, tunapigiana simu wakati wa sikukuu. Anacheka bado. Lakini nikisema nitakuja tutembee, husema miguu inamuuma. Ambwene alikwenda kumwambia mama yake ukweli. Aliniambia kwamba mama yake aliuliza kitu kimoja tu: kama pale pameota majani.

Mwanangu, sikukatazi mlima. Mlima ni mzuri, na ujana hauji mara mbili. Wala sikwambii uwaamini watu wote. Mimi mwenyewe siwaamini hao wa grupu, na nitakuuliza majina yao yote kabla hujatoka. Ninachokuomba ni hiki. Ukimshuku mtu, muulize mkiwa bado chini, kwenye ardhi pana, mmekaa, na umsikilize mpaka amalize. Usipande na swali tumboni ukasubiri kulitoa mahali ambapo mtu akishtuka anaanguka. Na siku ukiwa wewe ndiye unayewaongoza wenzako kwenye hatari kwa sababu yako ya moyoni, waambie sababu hiyo, hata kama inakuliza. Anayeweka maisha yake nyuma ya hatua zako ana haki ya kujua unakwenda wapi.

Haya, wapigie simu. Waulize mbele yangu. Wakikasirika kuulizwa, vua viatu hivyo, ubaki tule viazi. Wakikujibu vizuri, nenda, na Mungu akutangulie. Akupe marafiki wanaoulizika na ulimi usioona aibu kuuliza. Akushike pale udongo unapokatika, na akurudishe kwangu ukiwa na vumbi na njaa tu. Amina.