Tovuti ya Pascalia Haikuwa na Sura Yake

Saa tatu asubuhi, mvua ya usiku bado inadondoka kutoka kwenye mabati ya mtaa wa Amalemba. Pascalia Nanjala ameinamia cherehani, akipitisha kitambaa cha zambarau chini ya sindano. Anashona majoho ya kwaya.

Chumba chake kiko nyuma ya nyumba. Hakuna anayepita.

"Zamani kila mtu alikuwa ananionanga," anasema. "Ukienda sokoni unanipita, ukirudi unanipita. Mtu anasimama kunisalimia tu, mwishowe anapimwa."

Zamani hiyo ni baraza la duka katikati ya mji, alikoshonea zaidi ya miaka ishirini. Jumamosi wanakwaya walijaribu majoho huku wakiimba, wapita njia wakasimama kusikiliza. Mwaka jana jengo lilibomolewa kupisha ghorofa. Wateja wakatawanyika.

Mpwa wake, Mitchel, aliyesomea kompyuta, akamtengenezea tovuti. Ilipendeza, na takwimu zilionyesha kuwa watu wanaifungua. Lakini simu ya Pascalia haikulia.

"Shangazi, hawa watu wanakuja na kuondoka," Mitchel alimwambia. "Wacha tujue kwa nini."

Akamwalika Zipporah Were, kiongozi wa kwaya kutoka Shirere aliyewahi kushonewa pale barazani. Akampa simu, akamwomba aagize majoho bila kusaidiwa na mtu. Zipporah akapandisha ukurasa, akateremsha. Picha zote zilikuwa za wageni, zimeokotwa mtandaoni. Namba ya simu ilijificha chini kabisa. Jina la Amalemba halikuwapo popote.

"Mama, hii duka ni ya nani?" Zipporah akauliza. "Hawa wazungu ndio unawashoneanga?"

Walicheka wote watatu.

"Lakini niliskia uchungu," Pascalia anakumbuka. "Ni kama ile baraza ilibomolewa tena, na mimi naangalia."

Akaingia ndani, akatoka na picha zake za miaka hiyo: yeye akiwa kijana, utepe wa kupimia shingoni, wanakwaya wamemzunguka barazani. Mitchel aliziweka mwanzo kabisa wa tovuti, pamoja na picha za kazi yake ya sasa, namba ya simu na maelekezo ya kufika.

Hazikupita wiki nyingi, simu ikalia. Alikuwa Masinde Wanyama, anayefanya kazi Mombasa.

"Ni wewe yule mama wa baraza?" aliuliza. "Mimi ndiye huyo mwembamba kushoto kwenye picha. Sikujua bado unashona."

Ndiye aliyeagiza majoho haya ya zambarau, kwa ajili ya kwaya ya mama yake huko Kabras.

Siku hizi Pascalia humuuliza kila anayepiga amempataje. Wengi husema waliziona picha. Hata hivyo, anatafuta chumba kinachotazama barabara, na anatarajia kuhamia mwaka ujao.

"Mtandao uniletee walio mbali," anasema. "Lakini mimi nataka kushona nikisalimiwanga."