Ukurasa Ulioganda Dukani kwa Mama Benjamini

Saa nne asubuhi, upepo wa Ufipa unapiga bati za soko la Sumbawanga, na Cornelia Sikazwe amevaa masweta mawili. Mbele yake kuna kompyuta moja. Nyuma yake kuna watu wanne wanaoitaka hiyo hiyo.

Mtandao ukisuasua, hamsubirishi mtu. Anafungua ukurasa wa huyu, ukijivuta anafungua wa yule. Cheti cha kuzaliwa huku, maombi ya chuo kule. Duka lake hili dogo la steshenari, wanaloliita kwa Mama Benjamini kwa jina la mwanawe, limekuwa ofisi ya kila mtu.

Leo mashine imeelemewa. Kishale kinasogea kwa kusukumwa, na feni inalia kama inadai haki yake.

Anayeumia zaidi ni Lydia, binti kutoka Wampembe anayeomba chuo cha uuguzi. Ameshajaza fomu yote, imebaki kutuma, na maombi yanafungwa saa sita mchana.

"Zima uwashe tu, Mama," anashauri Wiliam, seremala aliye kwenye foleni.

"Jamani, ukizima yangu inapotea yote!" Lydia anaruka, machozi yakimlengalenga.

Cornelia hagusi swichi. Anafungua orodha ya kazi ambazo kompyuta inazifanya. Jina la kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, limejirudia kutoka juu mpaka chini.

"Zamani nilidhani ni virusi," anasema akicheka. "Nimefungua kimoja, hivi vingine vimetoka wapi?"

Swali hilo lilimnyima raha mpaka alipomkamata fundi kompyuta, Flavian, akinywa chai kibanda cha jirani.

"Kila ukurasa unapewa sehemu yake ya kufanyia kazi," Flavian alimweleza. "Ni kama kijijini, kila kaya na ghala lake. Wadudu wakiingia kwako, mahindi ya jirani yanapona. Hata mwizi akivunja lako, hajafikia la jirani. Ubaya wake, maghala mengi yanakula uwanja."

Kwa Cornelia, mtoto wa wakulima wa Milepa, hilo liliingia moja kwa moja. Lakini hakumwachia. Nani anayagawa hayo maghala? Wenye maghala wana mkubwa wao? Chai ya Flavian ikapoa akijibu kwamba ndiyo, yupo mmoja anayewasimamia wote, na ukimfunga huyo, kurasa zote zinaondoka naye.

Ndiyo maana sasa kidole chake kinasita. Majina yote yanafanana. Akikosea, Lydia atasubiri mwaka mzima.

Kisha anakumbuka kwamba kivinjari kina orodha yake chenyewe, inayotaja kila ukurasa na kumbukumbu unayokula. Anaifungua na kuinamia kioo. Mmoja umemeza karibu nusu ya kumbukumbu ya mashine.

"Loo," anasema taratibu. "Kumbe ni mimi."

Ni fomu yake mwenyewe. Ana miaka arobaini na tatu, na tangu asubuhi, kati ya mteja na mteja, amekuwa akiomba nafasi ya kusoma kompyuta katika chuo cha ufundi. Picha ya cheti chake cha kidato cha nne ni kubwa mno, ikakwama njiani. Maombi hayo nayo yanafungwa leo jioni.

Inamuuma, wala hafichi. Anavuta pumzi, anaufunga.

Feni inatulia. Kurasa nyingine zote zipo vilevile. Lydia anabonyeza kutuma, na simu yake inalia: maombi yamepokelewa.

"Asante, Mama! Mungu akuzidishie!" Anamkumbatia na kukimbilia stendi.

Wiliam anavuta kiti. "Haya, Mama, zamu yangu."

Cornelia anafungua ukurasa mpya na kuanza kuandika jina lake upya, herufi baada ya herufi.

"Huyo mkubwa wao Flavian hakumaliza kunieleza," anasema. "Nataka nikajifunze mwenyewe anavyofanya kazi."

Wiliam anakohoa kumkumbusha.

"Kaa kwanza, baba," anamjibu bila kugeuka. "Sasa hivi mteja ni mimi."