Mtoto Waliyemfanya Dude la Vita

Ile katuni ya Kijapani niliwekewa kwenye simu na fundi mmoja wa Kilosa mjini. Nikarudi nayo Msowero, na jioni watoto wa majirani wakajazana kwenye mkeka wangu. Maneno hatukuelewa hata moja, kwa hiyo nikawa nawasimulia kwa kuangalia picha. Kulikuwa na dude la vita kutoka sayari nyingine: miguu sita, mmoja mbovu, shingo ndefu, jicho moja kifuani. Likikanyaga, nyumba zinaruka. Nililipenda kupita kiasi. Nikiwa napalilia mahindi, nalitembeza kichwani mpaka naruka mistari.

"Dada, limefuata nini huku?" mtoto mmoja akauliza.

"Maji. Kwao yamekauka."

"Kama wafugaji," akasema mwingine. Wakacheka, hata mama yake aliyekuwa akichambua mchicha pembeni.

Hawakucheka wote. Alikuwepo binti wa miaka tisa hivi, kwao ni wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Kuanzia kesho yake, kwenye mchezo wao wa vita, dude likawa yeye tu. Mwanzoni alifurahi. Alijua kuliiga kuliko wote: anainama, anaburuta mguu, ananguruma taratibu kutoka tumboni. Wenzake wanamrushia madongo, anaanguka, mchezo umekwisha.

Halafu siku moja madongo yakawa mawe.

Nilimkuta kisimani anaosha damu kwenye paji la uso. "Shikamoo dada," akasema, kama vile hakuna kitu.

Nikaenda kwa yule mama wa mchicha.

"Shikamoo mama. Wanao wamempasua mtoto wa watu."

"Marahaba. Si wanacheza katuni yako?"

"Katuni haina mawe."

"Na ng'ombe wao walipokula mahindi yenu, hukulia wewe? Umeshasahau."

Sijasahau. Shamba letu liliisha asubuhi moja, nikakasirika mpaka chakula hakipiti. Lakini ng'ombe wale hakuwachunga yule mtoto, na hata angewachunga, uso wake si shamba. Hasira niliyonayo mpaka sasa ninapoandika ni nyingine. Mtu mzima anamtazama mtoto anavuja damu, yeye anafikiria mahindi.

Jioni yule binti alikuja amefungwa kitambaa kichwani. Nilidhani amefuata simu. Akasema, "Dude ni mimi. Ila leo sianguki."

Kati ya wenzake hakuna aliyetaka kucheza. Akaanza peke yake katikati ya uwanja, ameinama, ananguruma. Nikavua kandambili, nikainama nyuma yake, nikanguruma na mimi.

"Na ukubwa wote huo," akasema yule mama kutoka mlangoni kwake.

"Okota jiwe basi, mama."

Hakuokota. Mtoto akageuka, akanitazama miguu, akaniambia nimekosea, unaoburutwa ni wa kushoto.