Nilificha kuregea kwangu ndani ya sima, tante ya rafiki yangu akaitwa mulozi

Bandugu basomaji, musizunguke mbali: mwenye kosa ni mi. Na sikukosa juu ya kukosa akili, hapana! Nilikosa na diplome mukononi, diplome ya masomo ya mangaribi, miaka mine nikisoma na torche na nikisinzia ku banc. Ujinga yenye nilifanya, ata mbuzi ya Butembo ingeikataa.

Jina langu sitasema. Mukikutana na mwanaume mwenye kifua pana sawa mulango ya église, anatembea akiangalia chini, mupishe tu.

Niko moniteur wa kuinua bizito. Salle yetu ni hangar ya mabati nyuma ya nyumba yangu. Barre ni chuma ya camion, peke yake kilo makumi mbili. Disques tunazimwanga wenyewe na sima ya kujengea nyumba ndani ya beseni, kisha tunaandika kilo na rangi nyekundu. Mi nilikuwa nalala ku banc, nasukuma kilo mia. Kila mara! Nikipumua, mabati inatetemeka, na kuku ya majirani zinaanza kutaga.

Basi, Jumatatu moja, mia ikakataa. Sijue ilikuwa malaria, sijue ilikuwa matanga yenye tulikesha siku mbili na chai tupu. Barre ilishuka ku kifua, ikakaa pale sawa mama-mukwe mwenye kuleta valizi tatu. Batu wane njo baliniondolea.

Katembo, fundi wa moto, zile pikipiki, mutu mwenye mudomo sawa tarumbeta, akasema:

— Eh moniteur! Bugali ya leo ilikuwa ya maji?

— Muache, mwingine akajibu, anafundisha vile ya kufa.

Balicheka mpaka balikalia disques.

Na mi nilikuwa najua! Nilikuwa nafundisha bengine: siku mubaya ni ya kila mutu. Leo mwili unakubali, kesho unakataa. Unapunguza kilo, unakula, unalala, wiki yenye kufuata nguvu inarudi bila kuitwa. Mais mi mwenyewe, nitoe disque moja mbele ya Katembo? Jamani, afazali banizike!

Njo nilienda kwa Paluku. Paluku ni rafiki yangu tangu tuko na meno ya maziwa, fundi wa mbao, na anainua bizito ku salle yetu. Nikamuomba mufuko ya unga ya mbao.

— Ya nini?

— Ya kulalisha kuku zangu.

— Uko na kuku?

— Ziko mu njia, zinakuya.

Alinijazia mufuko na mukono yake mwenyewe, unga nyekundu ya libuyu, ile mbao yenye anapasulaka, na alikataa ata asante. Usiku ile ile nikamwanga disques ine: inje sima, ndani libuyu. Nikaandika 20, nyekundu, nzuri kabisa. Uzito yake haikupita kumi na mbili. Ku ukuta nikaandika: DISQUES YA MONITEUR, HAPANA KUGUSA.

Sasa, siku nguvu iko, natwika zile za kweli. Siku nguvu haiko, natwika zile za kuku. Na kila siku ni mia! Miezi munane bila kushuka ata kilo moja. Siku za libuyu njo nilikuwa nalalamika zaidi, nakunja uso, naita jina ya Bwana. Batu banapiga makofi. Mi nainama sawa askofu.

Mwenye kuumia alikuwa Paluku. Ule mutu iko na kakaye, daftari ya kilo zake, anaandika kila kitu. Wiki hii tisini, wiki ile sabini na tano, kisha makumi nane. Sawa mutu yeyote mwenye damu! Mais anaangalia kakaye, ananiangalia mi, anaangalia kakaye.

Siku moja akanivuta pembeni.

— Ndugu, we kila siku mia. Tunakula bugali moja, tuko na miaka moja. Mi, mutu ananikula.

— Nani?

— Nimehesabu. Kila Jumamosi niko kwa Songali. Kila Jumatatu njo naanguka. Hii ni karuho, bwana. Anaitia mu sombe pole-pole.

Songali, ni vile tunaita tante, dada ya baba. Mama ya Paluku alikufa mutoto akiwa anatambaa, na ule Songali wa kijiji ya Vuhovi njo alimubeba mu mugongo, akamulipia masomo na maharagi yake. Na karuho ni ile sumu ya mu chakula, yenye inaua mutu miezi mingi bila kelele. Kwetu, ukitaja ile neno, batu banafunika sahani.

Bandugu, nilikuwa najua Jumamosi ya Paluku ku Vuhovi iko namna gani! Anapanda milima na miguu tangu alfajiri. Analima maharagi mpaka jua inainama. Anapasula kuni, anateka bidon tatu ya maji, anarudi mu matope. Ata ng'ombe ingelala wiki muzima! Nilipaswa kusema: ndugu, ni jembe. Ata mi naanguka. Kuya nikuonyeshe disques zangu.

Nikakohoa. Nikasema neno moja:

— Inawezekana.

Inawezekana! Mudomo hii, mudomo yenye diplome!

Paluku akaacha kwenda Vuhovi. Songali akamutumia sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, mu sahani ya kufunika. Paluku akaipa mbwa ya jirani. Mbwa ikakula, ikalala.

— Munaona! Katembo akalia. Imeregea!

Ile mbwa ilikuwa inalala tangu siku yenye ilizaliwa. Mais nani alikuwa anasikiliza? Mangaribi, Butembo nusu ilikuwa inajua. Dimanche, siku ya ibada, Vuhovi yote.

Pale, Songali njo alikuwa mupishi wa bamama ya église ku karamu zote. Balimunyanganya mwiko polepole, na adabu: «Mama, pumzika, umezeeka.» Hakuna mwenye alimwambia juu ya nini.

Alishuka mpaka Butembo, na kikapo ya maharagi ku kichwa. Paluku hakufungua mulango. Akaniona mi ku barabara.

— Mutoto yangu, we njo rafiki yake. Nilimukosea nini?

Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili, ya bure! Unajua nilijibu nini?

— Iko na kazi mingi, mama.

Akanishukuru. «Wasingya, mwana wangu.» Akaniachia maharagi nimupelekee. Yalikuwa matamu, nitasema ukweli yote.

Kisha salle ya Beni ikatuita kushindana. Patron wao ananunua kakao, na tulifanyia mu depot yake. Njia ilikuwa matope, usiku sikulala, asubuhi mikono ilikuwa sawa uzi yenye kulowana na mvua. Donc, mu disques zenye nilileta, nilichagua zile za kuku.

Nikapanga barre, nikajipaka chaki, nikaanza kupumua. Ule patron, mutu mufupi mwenye kofia, akainua kidole.

— Ngoja, moniteur. Tupime kwanza.

— Tupime nini? Imeandikwa!

— Grand, hapa ku Beni, ata kakao ya mama yangu imeandikwa. Ninaweka ku bascule.

Akabeba disque yangu na mukono moja. Moja! Akaiweka ku bascule. Mushale ukapanda mpaka kumi na mbili, ukakaa, ukakataa kusonga. Nikaanza kueleza kama hewa ya Beni ni nyepesi kuliko ya Butembo. Nilifika mpaka ku physique. Patron akaomba nyundo.

Pigo moja. Sima ikapasuka, unga nyekundu ikamwangika chini.

Depot yote ikaanguka na kicheko. Katembo alikuwa anagaagaa juu ya mifuko ya kakao. Paluku hakucheka. Aliinama, akaokota unga, akaisugua ku vidole, akanusa.

— Hii ni libuyu yangu.

Akageuka kwangu.

— Donc, na we unaangukaka.

— Ndiyo.

— Tangu lini?

— Sawa we. Kila wiki mara moja, mara mbili.

Akamwanga ile unga ku miguu yangu. Kisha akauliza:

— Na Songali?

Nikainama kuokota vipande ya sima. Akatoka inje, akasimamisha moto, akaenda Vuhovi na chaki ku mikono.

Alimuangukia Songali ku miguu, na Songali alimusamehe mbele amalize kulia. Mi nilienda ku église ya Vuhovi dimanche yenye kufuata. Pasteur alinipa dakika mbili mbele ya batu, mi nikakamata makumi mbili. Nilieleza sima, libuyu, mbwa, yote. Bamama balicheka sana. Mukubwa wao akamurudishia Songali mwiko palepale, tukapiga makofi, na nikarudi Butembo nikiwaza kama imeisha.

Haikuisha. Paluku ananisalimia sawa vile banasalimia polisi: juu juu, na anapita. Sasa anainulia bizito yake kwa salle ingine, na mi nikilala ku banc, mwenye kusimama nyuma ya kichwa yangu si Paluku tena, ni Katembo, anaimba.

Donc, we mwenye kusoma: siku mwili wako unakataa, toa disque, itoe mbele ya batu wote, bacheke! Kicheko haina mifupa, mangaribi inakuwa imekufa. Na rafiki akikuuliza juu ya nini anaanguka, mwambie ata we unaanguka, hata kama uko moniteur, hata kama uko na diplome.

Juzi nilikuwa ku karamu ya mavuno, Vuhovi. Songali alipika sufuria kubwa ya sombe. Nilikula sahani tatu, Paluku akakula tatu, pasteur moja. Bengine bote balisema kama baliishakula kwao. Jioni, mi na Paluku tuliikamata ile sufuria, mukono huku, mukono kule, tukaipandisha, bado na sombe mingi, mpaka kwa Songali. Na ilikuwa nzito, bandugu. Ile uzito, hakuna mwenye kuidanganya.