Kufagia Njia ya Chemchemi

Asubuhi ile nilitoka nilikopanga Nyarero bila kujua naenda wapi. Kibarua cha kupalilia kilikuwa kimekwisha, na mimi nikikaa sehemu moja muda mrefu naanza kuumwa. Shule niliiacha darasa la sita kwa ugonjwa huohuo: nilitaka kuona kilicho nyuma ya kila kilima.

Mbele ya kanisa ilisimama kanta, lori dogo la mizigo, na wanajumuiya walikuwa wakipanda wamevaa vitenge vya sare. Nikawauliza wanakwenda wapi.

"Kutalii," akajibu bibi mmoja, akacheka. "Kwani utalii ni wa Wazungu tu? Wao wanatazama simba, sisi tunakwenda kutazama chemchemi ya babu zangu, ng'ambo ya mto Manchira. Na wewe?"

"Sijui, bibi."

"Basi panda. Utanishika mkono kwenye mawe."

Alizaliwa upande wa Serengeti, akaolewa Nyarero akiwa binti mdogo. Tulipita Kemambo, tukavuka Mto Mara, na muda wote alikuwa akinisimulia. Kwenye chemchemi ile wazee wa kale waliomba mvua. Baadaye babu yake akabatizwa kwa maji yaleyale. Alikuwa ameisikia tangu utotoni, lakini hajawahi kuiona. Sasa jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili lilianza kuingia ukungu.

"Nataka niione kabla hili nalo halijazima," alisema, kama mtu anayezungumzia betri za tochi.

Chini ya kilima tulimkuta mama mmoja akipalilia mtama. Ukoo wa mumewe ndio unaotunza chemchemi. Akamwamkia bibi shikamoo, akatusikiliza, kisha akakata matawi kichakani na kuyaweka mbele yetu.

"Hapa mtu hapandi bila kufagia njia. Kila mmoja kipande chake."

Katekista, mwalimu wao wa dini aliyeongoza safari, akarudi nyuma. "Mama, sisi tumekuja kuona tu. Hatukuja kutambika."

"Nani amesema tambiko? Nimesema njia imejaa majani."

"Lakini ni desturi ya wazee wenu. Kesho Nyarero nzima itasema jumuiya yetu imerudi kwenye mizimu."

Mtu mmoja akapendekeza tupige picha tukiwa palepale chini, turudi zetu. Nikamwona bibi anageuza uso huku na huku, akikitafuta kilima kwa jicho lake moja. Nikaokota tawi.

"Mimi si wa kanisa lao. Nitawafagilia wote."

"Kwenu huwa unamwogea mwenzako?" yule mama akanikatiza.

Watu wakacheka, hata dereva. Bibi akaninyang'anya tawi. "Katekista mwanangu, Jumamosi nani anafagia kanisa?"

"Ninyi akina mama."

"Tukifagia, huwa tunatambika?"

Bibi akainama, akaanza. Alifagia polepole, mkono wa kushoto ukipapasa mawe, na sisi nyuma yake, kila mtu na tawi lake. Kwenye kona niligeuka nikamwona katekista, wa mwisho, kakunja suruali, anafagia kwa hasira. Kipande chake ndicho kilichotakata kuliko vyote.

Chemchemi yenyewe ni ndogo, maji ya kuchota kwa kikombe, chini ya mwamba. Mimi nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Bibi alipiga magoti, uso wake ukakaribia kugusa maji, akakaa hivyo mpaka tukaanza kupata wasiwasi.

"Kuna kokoto nyeupe huku chini," alisema mwishowe. "Naziona."

Katekista akaanzisha Baba Yetu. Tukaitikia, hata mimi, pale nilipokumbuka.

Tuliposhuka, dereva akawasha kanta, watu wakapanda. Mimi nikabaki nimesimama. Nilitaka kujua maji yale yanatoka wapi, na upande wa pili wa kilima kuna nini. Bibi aliniona, kwa jicho lilelile.

"Binti yangu," akamwambia yule mama mwenye jembe, "huyu hana anakokwenda. Mpe pa kulala."

Yule mama akanitazama kuanzia viatuni. "Anakoroma?"

"Tutajuaje? Hata sisi tumemwokota leo asubuhi!" bibi akasema.

"Haya. Kuna chumba cha mbegu. Lakini kesho njia yote ni yake."

Nikamfuata hadi kwake, nikatua begi. Chumba kilinukia mtama mkavu, na kupitia kidirisha niliweza kukiona kilima chote, pamoja na ile njia, nyeupe, imefagiliwa mpaka juu.