Pampu ya Dada Uchochoroni

Mtaani wanamwita Mkurugenzi. Lilianza kama jina la utani, sasa wanalitamka kwa heshima. Ni dada yangu mkubwa, na biashara yake ni kutapisha vyoo vya shimo.

Magari ya kunyonya uchafu hayaingii kwetu; vichochoro ni vyembamba, hata kabati hulipitishi ila kwa ubavu. Zamani shimo likijaa, watu walisubiri mvua iusombe uchafu hadi kwa jirani. Dada akauza cherehani yake, akanunua pampu ya mkono, mapipa ya vifuniko vya kukaza na mkokoteni. Msukumaji ni mimi.

Kilichobaki kilikuwa kibali. Bwana afya alisema atakuja kumwona kazini, na tone moja likimwagika njiani, asahau.

Siku aliyokuja tulifunga pampu kwenye choo cha nyumba moja ya wapangaji. Dada akavuta mpini. Haukusogea.

"Mama, mmetia nini humu?" alimwuliza mwenye nyumba.

"Jivu tu, mwanangu. Kila chumba kimetoa la kwake. Tungekuachaje uaibike kwa harufu mbele ya mgeni?"

"Jamani, mmenikorogea saruji!"

Bwana afya alitazama saa. Mpangaji mmoja aliyeegemea ukuta akacheka. "Mkurugenzi, leo umepatikana!"

"Nimepatikana kweli. Lete ndoo ya maji, la sivyo jioni utajisaidia kwa shemeji yako."

Akaenda mbio. Wenzake wakafuata, ingawa maji kwetu hununuliwa. Dada akawa anamimina kidogo kidogo, akikoroga kwa mti mrefu kama vile hasubiriwi na mtu. Nikamnong'oneza aharakishe.

"Ukinikimbiza nitamwaga," alisema. "Shika mpira wa pampu."

Hatimaye pampu ilikohoa, ikavuta. Kila pipa lilipojaa alilikaza kifuniko, akalipangusa kwa kitambaa chenye dawa, ndipo akaniruhusu kuligusa.

Bwana afya alifuata mkokoteni ameinama, akikagua ardhi hadi barabarani, lilikosimama gari la kupeleka mapipa kwenye mabwawa ya maji taka. Hakuona kitu.

"Kesho njoo ofisini uchukue kibali chako," alisema, akanyoosha mkono.

Dada akauficha wake nyuma, ukiwa bado na glavu. Yule bwana hakuushusha mkono. Alisubiri, nasi sote tukimtazama, mpaka dada alipovua glavu, akanawa, akampa mkono.