Kaka yangu ameponzwa na kufika

Jamani, leo karani wa liwali amemwambia kaka yangu kuwa hana kilema.

Kaka Mbaraka alikuwa askari wa liwali hapa Bagamoyo. Risasi ilimvunja goti vitani, akaahidiwa posho ya majeruhi. Tangu masika ya mwaka juzi tunaambiwa shauri lake linatazamwa.

Juzi nilikwenda mimi. Karani akasema, "Aje mwenyewe."

Basi leo kaja mwenyewe. Kutoka Zinga, kwa magongo, makwapa yamechubuka. Punda wa kuazima tulimkosa.

Karani akamtazama. "Umetoka Zinga kwa miguu?"

"Naam, bwana."

"Basi u mzima. Kiwete hafiki hapa kutoka Zinga."

Asipokuja, hatazamwi. Akija, amepona.

Kaka hakubishana. Aliketi mlangoni, akanikabidhi magongo. "Mwambie kutembea ndiko kulikoniponza. Sitembei tena mpaka liwali mwenyewe anione."

Adhuhuri imepita, tungali hapa. Mnaopita njia hii tuleteeni maji, na mniambie, nyie mngemjibu nini mtu kama huyu?

Karani naye, kila akitoka, inambidi auruke mguu wa kaka, maana haukunjiki.